Kopo Lililochorwa: Chombo Kwanza, Pambo Baadaye

Wako watu wasemao kwamba kopo la maziwa ya unga lililopakwa rangi na kuchorwa twiga haliwezi kuitwa sanaa ya taifa, kwa kuwa bati lake limetoka ng'ambo na rangi yake imetoka dukani. Wako na wengine wasemao kwamba kila kopo lililochorwa ni sanaa, madhali mchoraji ni mwananchi na mnunuzi amelipenda. Sisi twaona kwamba pande zote mbili hazijalitazama kopo lenyewe.

Tuanze na hoja ya ugeni. Lugha yetu ilikwisha kuikatia shauri zamani. Neno kopo tulilipata kwa Wareno, na neno debe lilitujia kutoka Bara Hindi. Leo yote mawili yana ngeli na wingi wake kama jembe na jani, wala hapana mtoto ayaonaye kuwa mageni. Debe lililoleta mafuta ya taa, lenye ujazo wa galani 4, yaani lita 18 hivi, lilipomaliza kazi hiyo halikutupwa. Lilichotewa maji, likapimiwa mahindi sokoni, likapandwa maua barazani. Na makopo madogo mafundi waliyageuza koroboi. Hata methali ililipokea: debe tupu haliachi kuvuma. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kuwa nia ni kukusanya yaliyo bora katika mila za makabila yetu, na papo hapo hakukataza kujifunza kwa wengine. Basi ugeni wa bati si hoja.

Wala uduni wa vifaa si hoja. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968, hakungoja kitambaa cha wachoraji wa Ulaya. Alichukua vipande vya mbao nyembamba za kiwandanik, akavichora kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea, na leo ndege na wanyama wa mtindo wake huonekana juu ya sinia, masanduku na makopo.

Hapa ndipo uhakiki unapoanza. Kutoka kwenye ubao hadi kwenye kopo pana hatua ambayo wachoraji wengi hawakuipima. Ubao ni bapa na una pembe nne. Kopo ni la mviringo, halina mwanzo wala mwisho. Mchoraji anayelichora kopo kama ubao humweka tembo upande mmja tu, na mgongo wa kopo ukabaki mtupu kama ukuta usio na dirisha. Lakini tumeyaona pia makopo ambayo kanga wanafuatana kulizunguka, wa mwisho akimfuata wa kwanza, hata mtazamaji hana budi kuligeuzageuza mkononi. Huyo wa pili amelielewa umbo. Tena makopo mengi yana mikunjo ya bati kiunoni. Asiyejua hupitisha shingo ya twiga juu yake, ikavunjika. Ajuaye huifanya mikunjo kuwa mipaka, akapata pindo juu na chini na mji katikati, kama ilivyo katika kanga ya kuvaa. Mshairi haongezi mizani kwa sababu ana maneno mengi; mchoraji naye aitii mizani ya kopo.

Jambo la pili ni matumizi, nalo ndilo zito zaidi. Ubao kazi yake ni kutazamwa. Kopo kazi yake ni kuhifadhi. Tazama kibuyu cha maziwa cha Wamaasai. Nje kimepambwa kwa ngozi na shanga, na ndani kimesafishwa kwa kijinga cha mti wa harufu nzuri, ili maziwa yakae na kupata ladha. Pambo halikuingia mahali pa maziwa. Sasa linganisha na baadhi ya makopo yauzwayo kwa wageni: kifuniko kimegandishwa kwa rangi, ukingo umepakwa hadi ndani, na kutu haikusuguliwa kwa msasa kabla ya kupakwa, hivyo baada ya masika moja rangi inabanduka kama magamba. Kopo kama hilo limepoteza kazi yake ya chombo bila ya kuwa picha kamili. Hatulaumu haja ya mchoraji ya kupata riziki. Twasema tu kwamba kitu ambacho sisi wenyewe hatukiweki jikoni wala mezani pa kazi, bali twakipeleka dukani pekee, ni bidhaa. Hakijawa bado sehemu ya maisha yetu.

Walimu wanaowafundisha watoto kazi hii wana nafasi kubwa ya kurekebisha mambo. Kopo lililokuwa na dawa ya wadudu lisitumike kamwe. Kopo lioshwe mafuta yote kwa sabuni, likaushwe, lipigwe msasa, kisha lipakwe rangi nyepesi mara mbili badala ya nzito mara moja. Rangi isifike ndani wala ukingoni, maana rangi nyingine za mafuta hutiwa risasi, nayo ni sumu kwa watoto. Na hata likipakwa vizuri, yafaa liwekwe kalamu, vifungo au mbegu za bustani kuliko chakula. Kisha mwanafunzi aulizwe atalitumia kwa kazi gani, kabla ya kuulizwa atachora nini. Jibu la swali la kwanza litamsaidia kujibu la pili.

Na siku ya kutoa alama, mwalimu asianze na twiga. Aanze kwa kufungua kifuniko.