Kila karatasi na hesabu yake: Jinja na Mbale zilivyoamua 2021

Anayetaka kujua Jinja ni ya chama gani atachanganyikiwa na matokeo ya uchaguzi mkuu wa Uganda wa Januari 2021. Kiti cha mbunge mwanamke wa jiji kilichukuliwa na Manjeri Kyebakutika wa NUP, chama cha Bobi Wine. Jinja South Division West ikamchagua Timothy Batuwa wa FDC, chama kingine cha upinzani. Jirani yake, South Division East, ikamrudisha bungeni Nathan Igeme Nabeta wa NRM, chama tawala cha Rais Museveni, na Jinja North ikaenda NRM vilevile. Siku chache baadaye umeya ukaangukia kwa Peter Okocha Kasolo wa NUP. Na huo ndio mwaka ambao Busoga, eneo ambamo Jinja imo, kwa jumla ilimpa Bobi Wine kura nyingi kuliko Museveni. Waliozungumzia wimbi la NUP wana kazi ya kueleza kwa nini wimbi lilichagua pa kupita.

Tuanzie kituoni. Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura hupewa karatasi ya rais, ya mbunge wa jimbo na ya mbunge mwanamke. Anainama juu ya beseni la plastiki lililowekwa mezani, palepale uwanjani, anatia alama au dole gumba, kisha kila karatasi inakwenda kwenye sanduku lake. Ya rais anaweza kuipiga kwa hasira. Ya mbunge ina maswali mengine: huyu tulimwona msibani? Na je, ana ubavu wa kushinda, au kura yangu itapotea bure?

Swali hilo la mwisho ndilo lililomweka mwanasiasa wa upinzani Paul Mwiru juu mwaka 2018 na kumwangusha 2021 mbele ya Nabeta. Mahakama ilipobatilisha ushindi wa Nabeta wa 2016, uchaguzi mdogo wa Jinja East ulifanyika 15 Machi 2018. Mwiru, akiwa FDC, alipigiwa debe na wapinzani wa kila rangi, Bobi Wine akiwemo, na akapata kura 6,654 dhidi ya 5,043 za Nabeta. Kufikia 2021 alikuwa amehamia ANT, chama cha Mugisha Muntu, NUP ilikuwa imeshazaliwa, na FDC bado ilikuwepo. Ubunge Uganda hauhitaji nusu ya kura. Anayeongoza ndiye mshindi. Upinzani ukigawanyika, NRM haina haja ya kuongeza hata mfuasi mmoja. Sidhani kama Mwiru alipungukiwa na sifa. Alipungukiwa na makubaliano ya wenzake.

Mbale ilicheza tofauti kidogo. Umeya na kiti cha mwanamke vilikwenda NRM, Northern Division ikampa kiti Umar Nangoli wa FDC, na Industrial Division ikamchagua Karim Masaba, mgombea binafsi. Jiji lilikuwa changa, limetangazwa Julai 2020 pamoja na Jinja, na viti vipya huleta watu wengi wanaovitamani. Mgombea anayeona tiketi ya chama ina foleni ndefu hupiga hesabu: je, jina langu linatosha bila rangi ya chama?

Halafu kuna sabuni, chumvi na noti ambazo wagombea huwagawia wapiga kura. Watafiti Blattman, Larreguy, Marx na Reid walichunguza kampeni dhidi ya ununuzi wa kura katika uchaguzi wa 2016, iliyofikia wapiga kura kama nusu milioni katika vijiji 1,427 vya Uganda. Zawadi hazikupungua. Kilichobadilika ni kura: zilihama kutoka kwa waliokuwa madarakani, wenye fedha nyingi, kwenda kwa washindani wao wenye mifuko mitupu. Watu walipokea, wakapiga kwingine.

Beseni, linaloficha alama ya mpiga kura, ndilo linalowezesha hilo, na ndilo lililokosekana kwenye mchujo wa ndani wa NRM wa Septemba 2020, ambapo wanachama walijipanga mstari nyuma ya mgombea wao. Pale aliyetoa noti asubuhi aliweza kuhesabu vichwa kabla ya jua kuzama.