Misimu Minne Portobello Road

Kila ninapoitazama Notting Hill, filamu ya mwaka 1999, huwa naisubiri sehemu moja isiyo na busu wala neno. William, muuza vitabu wa London anayeigizwa na Hugh Grant, ameachwa na Anna Scott, staa wa Hollywood anayeigizwa na Julia Roberts. Mwongozaji mwingine angeandika "baada ya miezi kadhaa" kwenye skrini, yakaisha. Roger Michell alimpeleka William sokoni.

Anaingia Portobello Road koti likiwa begani, jua linawaka. Hatua chache, mvua, analivaa. Mbele kidogo theluji inaanguka, miti ya Krismasi inauzwa, kisha jua linarudi. Misimu yote inapita katika matembezi mamoja. Picha zilipigwa vipande vipande, lakini zimeungwa kwa umakini hata jicho halioni zilipokutana. Anayesikika ni Bill Withers tu, akiimba "Ain't No Sunshine".

Sasa mwache William, tazama wapita njia. Mwanzoni yupo mama mjamzito. Mwishoni mama yuleyule amempakata mtoto. Honey, dada yake William, anaonekana na mpenzi mpya, wameshikana. Jua linaporudi, wanagombana. Watu wanazaa, wanaachana, wanauza mboga, na mtaa haumngojei William apone. Hapo nawavulia kofia walioitengeneza. Filamu nyingi za aina hii huegemea upande wa staa, mtu wa kawaida akabaki kivuli. Richard Curtis, mwandishi wake, aliishi katika eneo hilo, na alimpa William watu wa kumzunguka.

Watu hao tunawaona vizuri mapema zaidi katika filamu, kabla ya kuachana, William anapomleta Anna kwenye chakula cha siku ya kuzaliwa ya Honey. Bernie, rafiki yake William, hamtambui Anna. Anamsikitikia kwa malipo duni ya waigizaji, kisha anamuuliza filamu yake ya mwisho ilimlipa ngapi. Dola milioni 15, Anna anajibu kwa upole. Baadaye inabaki keki moja ya chokoleti, apewe mwenye maisha ya huzuni kuliko wote. Anna naye anaomba zamu: miaka kumi ya kushinda na njaa ili asinenepe, wanaume waliomtesa, magazeti yanayofurahia maumivu yake. Michell hana haraka. Anauacha ukimya ukae mezani, hadi mwenye nyumba anapomwambia Anna kwamba hajamdanganya mtu, na wote wanaangua kicheko, Anna akiwemo.