Mapenzi ya Polepole na Mtu Mzito wa Kusikia

Waalimu wenzetu wametuuliza mara kwa mara kama hadithi za mapenzi ya vyuoni, hizi zitokazo Marekani kwa wingi, zina faida yo yote kwa kijana asomaye. Nyingi zimeshonwa kwa kitambaa kimoja: mchezaji hodari wa chuo, msichana asiyejali mchezo, na mapenzi yaendayo kwa mwendo wa kobe mpaka karibu na jalada la mwisho. Katika nyingine shujaa ni mzito wa kusikia. Sisi hatuzidharau. Twataka kuzipima, na kipimo twakitafuta hapa hapa Morogoro.

Kwa maana Morogoro imekwisha kuingia katika riwaya. Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika iliyotoka mwaka 1971, alimleta Rosa wake kutoka Ukerewe mpaka Chuo cha Ualimu cha Morogoro. Kitabu hicho kilizuiliwa shuleni kwa muda, kwa sababu ya aibu ya mambo yaliyomo. Sisi twaona neno jingine ndani yake, nalo ni haraka. Wanaume huja wakapita, hata mkuu wa chuo mwenyewe, wala hatuoni mmoja anayeketi na Rosa akamsikiliza. Pengine mwandishi alikusudia hivyo hasa, maana binti aliyelelewa kwa fimbo ya Zakaria hakufundishwa namna ya kusema na mwanamume. Basi haraka hiyo ni kweli ya kitabu, na ina nguvu yake. Lakini katika kurasa hizo za Morogoro hatupati kuona watu wawili wakijuana kidogo kidogo, na hilo ndilo vijana wetu wanalolitafuta katika vitabu vya kigeni.

Hata hivyo polepole nayo yataka sababu. Waandishi wengi hukawilisha mapenzi kwa mkono tu: barua imepotea, ugomvi umezuka pasipo na kitu. Sarina Bowen alifanya vema zaidi katika The Year We Fell Down ya mwaka 2014. Msichana wake, aliyekuwa mchezaji, yumo katika kiti cha magurudumu. Kijana naye amevunjika mguu. Wakawa majirani kwa kuwa vyumba vyao havina ngazi. Urafiki wao wakua kutokana na milango na ngazi za chuo, wala hatumwoni mwandishi akiuvuta kwa kamba.

Mzito wa kusikia humpa mwandishi sababu iliyo bora kuliko hiyo. Mtu asomaye midomo ataka mwanga, ataka uso ulioelekezwa kwake, ataka wasemaji wapokezane. Tena midomo humdanganya. Sauti za b, p na m hufanana machoni kabisa. Jaribuni mbele ya kioo kusema "baba" kisha "mama" pasipo sauti. Hebu fikirini kijana wa namna hiyo katika chuo kilicho chini ya milima ya Uluguru wakati wa masika, mvua ikipiga mabati hata wenye masikio mazima hawamsikii mwalimu. Jua likizama, mazungumzo yake na rafiki yake yamekwisha mpaka kesho. Hapo siku moja kupotea ni jambo la kweli.

Lakini mwandishi na awe mwaminifu. Tukikuta shujaa aliyevua shimesikio, yaani kile chombo kidogo cha kukuza sauti, akiitwa kwa nyuma gizani naye akageuka, twajua kwamba uzito wake wa kusikia ulikuwa pambo tu. Uwanjani ndiko pa kumjaribu mwandishi. Chombo hicho hukuza kelele za watazamaji pamoja na sauti ya nahodha. Katika michezo ya viziwi ya dunia, iliyoanza Paris mwaka 1924, wachezaji huvivua kabisa, na katika mpira mwamuzi wa kati naye hushika kibendera. Katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, mjini Washington, wachezaji wa miaka ya 1890 walijikusanya duara ili viziwi wa upande wa pili wasione alama zao. Na desturi hiyo ikaenea katika mpira wote wa Kimarekani. Riwaya iliyo na mambo ya namna hii haihitaji kutuomba tumhurumie mtu.

Kwa Kiswahili kazi hiyo ingekuwa ngumu zaidi, na tamu zaidi. Kwetu mtu "msikivu" ni mtiifu, na "asiyesikia la mkuu" huvunjika guu. Hivyo lugha yenyewe imemweka mzito wa kusikia miongoni mwa wakaidi kabla hajatenda neno. Wako watoto nyuma ya madarasa wanaochapwa kwa ajili ya neno hilo moja. Lakini twasema pia kusikia baridi, kusikia njaa, kusikia harufu, kusikia maumivu, wala sikio halimo. Mwandishi ajuaye kulitumia neno hilo kwa pande zake zote atapata kitu ambacho Mmarekani hana.

Jambo moja latuchukiza. Si halali msichana wa hadithi ajifunze alama zote kwa juma moja. Si kila mzito wa kusikia ajuaye alama. Na ajuazo wa Tanzania si zile za Marekani. Atakayempenda kijana wa Morogoro hatazipata katika kitabu cha New York. Itambidi awaulize viziwi wenyewe, akosee, wamcheke, arudi tena.