Mtani Akishuka Kaburini

Kwenye mazishi ya Kizaramo, Kisarawe au kule Kibaha, yupo mtu ambaye kazi yake si kulia. Jeneza limeshafika, watu wametulia, naye anashuka kaburini na kujilaza chali. Hatoki mpaka alipwe. Anadai ng'ombe kumi na pikipiki mpya. Wafiwa wanabishana naye, anapandisha bei, mwishowe anapokea noti ya shilingi elfu moja, anaigeuza juani kuhakikisha si bandia, ndipo anatoka akijikung'uta udongo. Waliokuwa wakilia tangu alfajiri wanajikuta wanacheka.

Huyo ni mtani. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi huhusishwa na misafara ya pembe za ndovu iliyoshuka pwani karne ya 19: mpagazi alihitaji maji na pa kulala ugenini, na akifia njiani alihitaji wa kumzika. Ndiyo maana anayekutukana leo ndiye anayekuchimbia kaburi kesho. Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa Amani, Usambara, aliuona utani huu una uzito wa kutosha kuuandikia makala mwaka 1944.

Ninachokihusudu kwa mtani ni kipimo chake. Mtani akidai elfu hamsini, ameharibu: watu wataanza kupapasa mifuko, na hilo limekuwa deni. Akidai ng'ombe kumi, hata mtoto anajua hapa hakuna anayedaiwa. Dai lazima lipite akili kabisa, na mdai awe amekunja uso kama karani wa mahakama. Akicheka yeye, kimekwisha.

Kisha anamwiga marehemu: anavaa kofia yake, anatembea kwa mwendo wake, anakohoa kikohozi chake cha kuomba chai. Hapo ndipo unapojua kwamba alimtazama kwa miaka. Uchoyo wa marehemu unaguswa, uvivu wake pia. Ugonjwa uliomwondoa hauguswi. Shehe akiinua mikono kuomba dua, mtani naye kimya, mikono juu, kama si yeye.

Siku hizi shughuli zetu zina MC wa kukodiwa, mwenye spika kubwa na vichekesho vilevile kila Jumamosi. Sijaona hata mmoja anayemfikia mtani.