Pengo Si Kasoro Pekee: Tahakiki ya Upimaji wa Uji wa Saruji katika Zege la Mkazo-Awali

Mshauri anayeagiza upimaji wa daraja la zege lililokazwa awali kwa kawaida huuliza swali moja: je, mirija imejaa? Makala haya yanadai kuwa swali hilo ni finyu, na kwamba ufinyu wake umetokana na vifaa vyetu kuliko na tabia ya kutu.

Nyaya za chuma zikishavutwa ndani ya mirija, uji wa saruji husukumwa humo ili kuzikinga na kuzishikamanisha na zege. Baada ya hapo hakuna jicho linaloziona. Daraja la Ynys-y-Gwas huko Wales, lililojengwa 1953, lilianguka Desemba 1985 bila kutoa dalili. Nyaya zake zilikuwa zimeliwa na kutu kwenye maungio ya vipande. Mwaka 1992 Uingereza ilisimamisha ujenzi mpya wa aina hiyo, na zuio likaanza kulegezwa 1996. Chumvi ya kuyeyushia barafu ilichangia anguko lile. Bujumbura haina barafu, na wapo watakaoona hilo kuwa faraja.

Faraja hiyo haidumu mbele ya daraja la Ringling, Sarasota, jimboni Florida. Lilifunguliwa 2003, na kabla ya miaka minane kutimia, mwaka 2011, baadhi ya nyaya zake zilikatika. Kilichokutwa humo kilikuwa uji uliojitenga: laini, wenye unyevu, usioganda ipasavyo. Mrija unaweza kuwa umejaa na waya bado ukaoza.

Hapo ndipo sifa tunazovipa vifaa zinapopungua uzito. Mwangwi wa pigo husikiliza jinsi mtikisiko unavyorudi kutoka ndani ya zege. Hubaini hewa vizuri, lakini kutofautisha uji mgumu na uji laini ni kazi nyingine. Rada haipenyi mrija wa chuma. Hupenya wa plastiki, ambao nao huutatiza mwangwi, kwa kuwa mwachano mdogo kati ya plastiki na zege huweza kusomeka kama pengo. Kwa hiyo anayechagua mrija wakati wa usanifu anachagua pia, pengine bila kujua, kile ambacho mkaguzi ataweza kukiona miaka thelathini baadaye. Uamuzi mzito namna hiyo haufai kuachwa kwenye orodha ya bei ya mkandarasi.

Ripoti yenye picha za rangi na sentensi «hakuna pengo lililobainika» huridhisha wizara. Haisemi lolote kuhusu ubora wa uji, na mara chache husema ni sehemu gani ya mrija ambayo haikufikiwa kabisa. Nanga za nyaya, penye msongamano wa vyuma, ndipo vifaa hushindwa zaidi, na ndipo maji hupenda kuingilia.

Burundi ina nafasi ambayo wengine waliikosa. Ujenzi wa reli ya Uvinza hadi Musongati ulizinduliwa 2025. Iwapo madaraja yake yatatumia mirija ya aina hii, mkataba uagize mambo matatu kabla ya makabidhiano: uji upimwe kama unajitenga kabla ya kusukumwa, nanga zilizochaguliwa na mwenye daraja, si mkandarasi, zifunguliwe na kutazamwa kwa kamera ndogo, na vipimo vya mwanzo vya kila mrija vihifadhiwe Bujumbura, vikiambatana na ramani ya sehemu ambazo hazikupimika.