Joto la Chatu na Kasoro ya Vijitabu

Mjukuu wangu anayeishi Uingereza anafuga chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye huko humwita chatu wa kifalme. Alinipa vijitabu viwili vya ufugaji nivisome. Nimevisoma kwa makini, nami nina neno.

Sifa ya vijitabu hivi ni lugha nyepesi na michoro safi. Kasoro yake ni kubwa zaidi. Vyote viwili vinamwagiza mfugaji aweke sanduku katika nyuzi 30, basi. Hiyo ni amri bila sababu, na kila mwalimu anajua kwamba mwanafunzi aliyepewa jibu tupu hukwama swali likigeuzwa.

Sababu yenyewe ni hii: nyoka hujipatia joto kutoka nje ya mwili wake. Mwaka 1944 Raymond Cowles na Charles Bogert walionyesha kwamba wanyama watambaao wa jangwani huongoza joto la miili yao kwa kuhama, mara juani, mara kivulini. Kwa hiyo sanduku lenye joto moja kote ni kifungo, hata kama joto hilo ni zuri. Chatu huyu anahitaji upande wenye nyuzi 31 hadi 33, na upande wa pili wenye nyuzi 24 hadi 27. Kila upande uwe na maficho, asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Akikosa joto baada ya kula, mlo hausagiki vizuri, na huenda akautapika.

Kijitabu kimoja kinasifu jiwe la umeme. Hapa siwezi kunyamaza. Jiwe likizidi moto, nyoka aweza kuendelea kulilalia hadi tumbo likaungua. Mkeka wa umeme au taa vyafaa, mradi viongozwe na thamostati, taa izungushiwe wavu, na joto lipimwe pale nyoka anapolala, si juu ya kioo. Lakini thamostati imetajwa ukurasa wa mwisho kama pambo, ilhali ndiyo ya kununuliwa kwanza.

Mbuzi akichomwa na jua hukimbilia chini ya mwembe. Chatu wa sandukuni hana kivuli ila kile alichowekewa na mfugaji, wala hana sauti ya kulalamika. Kitabu kisichomfundisha mfugaji jambo hilo, hata kikipendeza machoni, mimi nakinyima alama ya kufaulu.