Sinema za Dieudo Hamadi

Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alijifunza kwanza mambo ya uganga, kisha akashika kamera. Katika « Maman Colonelle » (2017) alimfuata mama polisi anayewatetea wanawake na watoto. Katika « En route pour le milliard » (2020) anashuka mtoni pamoja na watu waliopoteza viungo katika Vita vya Siku Sita, Kisangani, mwaka 2000. Wanakwenda Kinshasa kudai malipo. Mvua yawapiga mashuani. Huko mjini wazuiliwa mlangoni mwa bunge.

Michezo ya jukwaani inayokatiza safari twaiona mingi mno. Lakini twamsifu Hamadi kwa jambo moja kubwa: hawasemei. Awaacha waseme, waimbe, hata wabishane. Nasi wa Bihambwe, mara ngapi twawahubiri walioumizwa na vita kabla ya kuwasikiliza?